Wapagazi wa Makopo



Jumamosi moja tulikuwa ndani ya duka la vyakula vya Kiafrika mjini The Hague. Jina la duka hatulitaji, kwa sababu bado tunahitaji kurudi kununua mihogo. Tulikuwa watu watano tuliotumwa na jumuiya kununua vitu vya shughuli, na katika sisi alikuwemo mama mmoja wa Mombasa na binti yake wa miaka kumi na mmoja, aliyezaliwa hapa hapa Uholanzi. Mama yule akainua macho, akaona makopo ya Blue Band yamepangwa rafu ya juu kabisa, na chini yake yameandikwa Kiingereza kwamba yametoka Kenya. Akapiga kelele ya furaha kama aliyemwona ndugu yake uwanja wa ndege.

"Siagi ya nyumbani hii! Haya, chukueni mawili, shughuli haiendi bila hii."

Bei ilikuwa euro tisa kopo moja. Tulipoligeuza tukaona kibandiko cha bei kimewekwa juu ya tarehe ya mwisho ya kutumia. Tukakibandua kwa ukucha, na tarehe ilikuwa imepita miezi miwili. Tulipomwuliza mwenye duka, akatujibu kwa utulivu kabisa kwamba siagi haiozi.

Hapo ndipo binti yule alipomvuta mama yake nguo. "Mama, Blue Band si ipo kule supamaketi karibu na shule? Tena ni euro mbili na kitu."

Mama akamjibu bila ya kufikiri: "Mwanangu, ile siyo yenyewe. Ile ni feki."

Sote tukacheka. Kisha tukalipa euro kumi na nane, tukatoka na makopo yetu mawili yaliyopitwa na tarehe. Njiani kicheko kikaanza kutukwama, maana baadhi yetu tulijua jambo ambalo mama yule hakulijua, na tulikuwa tumenyamaza. Ile Blue Band ya supamaketi karibu na shule haikuwa feki. Pale ndipo kwao. Blue Band ni mzaliwa wa Uholanzi.

Ndio maana leo tumeshika kalamu. Hatutaki kumsema mama yule, kwani sote tuliokuwepo tulifungua pochi. Tunataka kujisema wenyewe, sisi waswahili wa ugenini, juu ya ugonjwa huu wa kuwinda makopo.

Tuanze na nchi tuliyomo. Uholanzi ni nchi ndogo. Ingeweza kuingia ndani ya Tanzania zaidi ya mara 20, na ndani ya Kenya zaidi ya mara 13. Mtu akipanda treni asubuhi huko kaskazini, mchana yuko mpaka wa kusini na bado ana nafasi ya kurudi kulala kwake. Lakini nchi ndogo hii imekaa ndani ya makabati ya jikoni ya mama zetu kwa miaka mingi, na sisi hatukujua kwamba ni yeye.

Kisa chenyewe ni hiki. Majarini haikuanzia Uholanzi. Aliyeitengeneza ni Mfaransa, Hippolyte Mège-Mouriès, mwaka 1869, pale mfalme wao Napoleon wa Tatu alipotaka kitu cha bei nafuu cha kushika nafasi ya siagi. Mwaka 1871 ujuzi ule ukanunuliwa na akina Jurgens, wafanyabiashara wa siagi wa mji mdogo wa Oss, hapa Uholanzi. Katika mji ule ule walikuwepo akina Van den Bergh, nao wachuuzi wa siagi, nao wakaingia katika kazi hiyo. Mwaka 1923 Van den Bergh wakaitoa sokoni majarini waliyoipa jina la Kiingereza, Blue Band, wakaitangazia nchi nzima. Mwaka 1927 mahasimu hao wawili wakaungana. Mwaka 1930 wakawa kitu kimoja na kampuni ya sabuni ya Lever ya Uingereza, na jina likawa Unilever.

Basi hapo wasomaji wetu wa Kongo wakae vizuri, maana sehemu hii inawahusu. Yule Lever wa sabuni, mwaka 1911, alipewa na serikali ya Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo, ili apate mafuta ya mawese kwa viwanda vyake. Mji wa kazi ile uliitwa Leverville, kwa jina lake mwenyewe. Leo unaitwa Lusanga. Watu walipandishwa michikichi kwa shuruti, wakakusanya vichikichi kwa shuruti, na mwaka 1931 Wapende wa upande ule wakaasi na uasi wao ukazimwa kwa bunduki. Hayo hayakuandikwa juu ya kopo wala juu ya sabuni. Kampuni iliyorithi mashamba yale ndiyo iliyokuja kutupaka Blue Band kwenye mkate wa asubuhi kabla ya kwenda shule, nasi tukashukuru.

Na leo kopo ni la nani? Mwaka 2018 Unilever waliuza biashara yao ya majarini, Blue Band ikiwemo, kwa kampuni ya uwekezaji ya Marekani, KKR. Ikapewa jina la Upfield, na mwaka 2024 ikabadilishwa tena ikaitwa Flora Food Group. Kwa hiyo kitu tunachokiita siagi ya nyumbani kwanza si siagi, bali ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa. Pili hakikuzaliwa nyumbani. Tatu mwenye mali hajawahi kukaa nyumbani. Ni mgeni aliyekaa siku nyingi mpaka watoto wakamwita mjomba.

Wazee wetu hawakuwa hivi. Karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, kitambaa kilichobebwa kwa wingi kilikuwa kile cheupe cha pamba kutoka viwanda vya Marekani. Wazee walikiita nini? Walikiita merikani. Mtu asiyejua kusoma, asiyewahi kuiona bahari, alipokitaja kitambaa alitaja na kwao. Sisi tuliosoma, wenye shahada na pasipoti, tumepewa majina ya kampuni tukayafanya majina ya vitu. Sabuni ya unga yoyote ni omo. Dawa ya viatu yoyote ni kiwi. Dawa ya meno ni kolgeti. Majarini ni bluu bendi. Jina la kampuni likishakuwa jina la kitu, mtu hawezi hata kuomba kitu kingine dukani, maana hana neno la kukiombea.

Tunajua watakaotupinga, na wana haki ya kusikilizwa. Watasema: ninyi hamna utu, ladha ni kumbukumbu. Mtu aliyeko Groningen katika baridi ya Januari, jua linazama saa kumi na nusu jioni, akipaka Blue Band ya Kenya juu ya boflo, hapaki mafuta. Anapaka mama yake, jiko la makaa, redio ya asubuhi na sare ya shule. Tena hazifanani. Ile ya kwetu ni ngumu, ina chumvi, inastahimili joto bila ya jokofu, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba zisizo na jokofu. Ile ya Uholanzi ni laini, hukaa kwenye baridi. Mama yule hakukosea ulimi wake.

Hayo ni kweli na hatuyapingi. Ulimi haudanganyi. Lakini ulimi hutuambia tu kitu kina ladha gani. Hautuambii kitu ni cha nani, wala kinastahili euro tisa, wala kwamba tarehe yake haijapita. Mapenzi ya nyumbani ni kitu kikubwa na cha heshima, na ndiyo maana inatuuma kuona mwenye duka ameyawekea kibandiko cha bei. Yule bwana hakutuuzia majarini. Majarini ilishakufa miezi miwili. Alituuzia hamu yetu wenyewe, na alijua kwamba mtu mwenye hamu hageuzi kopo kutazama tarehe.

Watatupinga tena kwa hoja nzito zaidi. Watasema: kama kila kitu cha kuja si chetu, basi hata khanga si yetu, hata chapati si yetu. Khanga za bibi zetu nyingi zilichapwa wapi, kama si katika viwanda vya Uholanzi hii hii, kisha Uingereza, Japani na India? Naam. Kule Helmond kipo kiwanda kilichoanza mwaka 1846, Vlisco, na katika kumbukumbu zake zimo khanga zilizochapwa kwa ajili ya pwani yetu. Hoja hii tunaipenda, maana inatusaidia sisi.

Tazameni ilivyokuwa. Kitambaa kilichapwa Ulaya, lakini ua na pindo vilichaguliwa na wanawake wa Unguja, Lamu na Mombasa. Mfanyabiashara aliyeleta ua wasilolipenda alikaa nalo dukani mpaka likaliwa na mende. Na jina la khanga, lile fumbo linaloandikwa chini, ni la kwetu, kwa lugha yetu, kwa ugomvi wetu na mapenzi yetu. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa likaweka na alama yake, Mali ya Abdulla, mpaka leo mwanamke akinunua khanga huitafuta alama ile pembeni. Kiwanda kilikuwa chao, amri ilikuwa yetu. Waholanzi walichapa maneno wasiyoyaelewa kwa sababu bibi zetu walitaka hivyo. Hiyo ndiyo maana ya kitu kuwa chetu. Chapati nayo ilikuja kutoka India, tukaikunja kwa namna yetu, tukaipa na mafuta yetu, na leo Mhindi akila chapati ya Nairobi anajua si ya kwao.

Sasa hebu tujiulize: katika kopo lile tumetia nini? Nani kati ya mama zetu aliulizwa? Maneno yaliyoandikwa juu yake ni ya nani? Hatukutia kitu isipokuwa pesa.

Na pesa tungeisamehe. Kuna kilichotuuma zaidi ya pesa, na kilitokea Schiphol.

Kijana wetu mmoja, mtu wa Lamu anayefanya kazi Rotterdam, alikwenda nyumbani likizo baada ya miaka minne. Aliporudi tulikwenda kumpokea, tukamngoja zaidi ya saa nzima. Alipotoka alikuwa na sanduku la kilo 23 na uso umemwanguka. Maofisa wa forodha walikuwa wamemsimamisha. Ndani ya sanduku mlikuwa na makopo manne ya Blue Band, pakiti za Royco, na mfuko wa Omo. Ndiyo, Omo, ilivuka bahari kuletwa katika nchi inayouza Omo kila kona. Vyote hivyo vilipita. Kilichochukuliwa ni embe kumi na mbili, ngowe, zilizochumwa na mama yake mwenyewe uani na kufungwa moja moja katika magazeti. Zilitupwa ndani ya pipa mbele ya macho yake.

Maofisa wale hawakumwonea. Tangu Desemba 2019 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka karibu kila tunda na mmea unaoletwa na msafiri kutoka nje uwe na cheti cha afya ya mimea. Yaliyosamehewa ni matunda matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Nyama na maziwa ndiyo kabisa haviruhusiwi. Kijana wetu hakujua, na sisi tuliomwagiza hatukumwambia, maana sisi wenyewe hatukujua. Tulijua kumwagiza makopo.

Fikirini hukumu ile. Embe ya mama, isiyo na kampuni wala tangazo, ambayo hakuna duka lolote la Uholanzi lenye mfano wake, imetupwa. Kopo la kampuni lenye ndugu zake mtaa wa pili limepita salama. Na uzito wa makopo yale na sabuni ile ndio uliomfanya aache nyumbani mfuko wa nazi alizopewa na shangazi yake, nazi ambazo zingepita bila ya neno. Tulipomwuliza kwa nini aliacha nazi, akatujibu: "Mlisema msisahau Blue Band."

Jibu lile lilitunyamazisha.

Ndipo tukakumbuka wapagazi. Katika misafara ile ya zamani, mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa mtu kutoka bara hadi pwani na kurudi. Kazi ilikuwa ngumu, wengine walifia njiani. Lakini mpagazi yule alipatana ujira kabla ya kuinua mzigo, na akipunjwa alitua mzigo porini akaondoka. Sisi je? Tunabeba mzigo wa kampuni kuvuka bahari, nauli tunajilipia, uzito ukizidi tunalipa faini, na mzigo wenyewe tumeununua kwa pesa zetu. Mpagazi wa zamani alilipwa ili abebe. Sisi tunalipa ili tubebe.

Tena tunabeba pande zote mbili. Tukienda nyumbani, masanduku yanajaa chokoleti, sabuni za kuogea, shampuu na mafuta ya kujipaka, kwa sababu nyumbani wanataka "vya Ulaya". Ukipeleka kitu kisicho na jina kubwa, wanakigeuza geuza na kuuliza kama umenunua sokoni. Tukirudi, masanduku yanajaa makopo, kwa sababu huku tunataka "vya nyumbani". Mara nyingi kampuni ni ile ile, pande zote mbili. Shangazi wa Tanga anafurahia sabuni ya Rotterdam, mpwa wa Rotterdam anafurahia sabuni ya unga ya Tanga, na wote wawili wanamtajirisha mtu mmoja ambaye hata hawajui anakaa wapi.

Wakati sisi tumeinua macho rafu ya juu kutafuta kopo, vilivyo vyetu hasa viko rafu ya chini, mbele ya magoti yetu, na hatuvitambui. Tuvitaje.

Kuna maua. Waridi nyingi zinazouzwa Uholanzi zimekatwa Naivasha, kandokando ya ziwa, na nyingine zimetoka Arusha na Uganda. Zinapandishwa ndege usiku, zinapelekwa Aalsmeer jirani na Schiphol, ambako kuna mnada mkubwa wa maua unaojulikana ulimwenguni kote. Zikitoka pale zimefungwa karatasi, zinapewa watu kama maua ya Uholanzi. Mtalii anarudi kwao akisema Waholanzi wanajua kulima maua. Kweli wanajua. Lakini mkono uliokata lile waridi saa kumi na moja alfajiri ni mkono wa mwanamke wa Naivasha, na jina lake wala la mji wake halikuandikwa popote, kwa sababu sheria haimlazimishi muuza maua kuliandika.

Kuna chai. Kenya ni msafirishaji mkubwa kuliko wote duniani wa chai nyeusi. Chai ya Kericho, ya Mufindi, ya Rwanda, ya Burundi na ya Uganda huletwa mnadani Mombasa, inanunuliwa, inachanganywa na ya kwingine, inatiwa katika vifuko na kupewa jina la Kiingereza. Tumeshika boksi lililoandikwa kwamba ni chai ya Kiingereza, yaani ya nchi ambayo haina hata mashamba ya kutosheleza mkoa wake mmoja. Nasi tunaipita, tunakwenda kumwagiza mtu atuletee "chai ya nyumbani" katika sanduku, na pengine ni majani ya mlima mmoja.

Kuna maharage machanga na maparachichi. Hapa afadhali sheria inatusaidia, maana matunda na mboga mbichi ni lazima ziandikwe nchi zilikotoka. Geuzeni pakiti mtaona: Kenya, Tanzania. Maandishi ni madogo kama ya mkataba wa benki, lakini yapo. Ni mara ngapi tumeyasoma? Ni mara ngapi tumemwonyesha mtoto na kumwambia, hii imetoka kwetu, imelimwa na watu wanaosema lugha unayoisikia nyumbani?

Yule binti wa miaka kumi na mmoja anajua nini juu ya nyumbani? Anajua ni mahali panapotoka Blue Band. Basi, ndilo alilofundishwa, tena ni uongo. Akikua akagundua kwamba siagi ya nyumbani ni ya Uholanzi, atajiuliza ni kipi kingine tulichomwambia kisicho kweli. Atadhani sisi hatukuwa na kitu chetu, tulikuwa na makopo ya watu. Hiyo ndiyo hasara inayotutisha kuliko euro tisa.

Sasa mtatuuliza: mnataka tufanye nini, tufe na hamu? La hasha. Mwenye kukosoa bila ya kupendekeza ni mpiga kelele tu.

Kwanza, tujifunze kwa jirani zetu wa Suriname. Hawa walitawaliwa na Uholanzi mpaka mwaka 1975, wakahamia hapa kwa maelfu. Wamo wenye asili ya Afrika, ya India na ya Java. Walipofika hawakuanza kwa kutafuta makopo. Walitaka mboga. Walitaka mchicha wao, bamia yao, mihogo yao, pilipili yao kali, ndizi zao za kupika. Wakafungua maduka yao, ambayo kila mtu hapa anayaita toko, wakauliza kila wiki, wakanunua kila wiki, mpaka mboga nyingine zikaanza kulimwa katika nyumba za vioo za Uholanzi yenyewe. Leo sisi tukitaka mchicha na bamia tunakwenda kwao, au soko kubwa la The Hague. Wao waliagiza chakula, chakula kikaja. Sisi tuliagiza majina, yakaja majina.

Pili, tukiagiza, tuagize kisichokuwepo. Karafuu ya Pemba. Iliki. Unga wa wimbi. Dagaa wa Kigoma au wa Mwanza, kwani samaki wa matumizi ya nyumbani wanaruhusiwa kwa kiasi. Nazi, ikiwa shangazi amekupa. Kahawa ya Bukoba iliyokaangwa kule kule, ili hata ujira wa kukaanga ubaki kule. Khanga, na jina lake lisomwe kwanza. Tuulizane kabla ya safari nini kinapita forodha na nini hakipiti, na jumuiya iwe na karatasi moja yenye orodha hiyo, ili pasiwe na mama mwingine ambaye embe zake zitaishia kwenye pipa.

Tatu, tusinunue kopo lolote ambalo tarehe yake imefichwa. Hili halihitaji hotuba. Tukibandua kibandiko na tarehe imepita, turudishe rafuni, tena kwa sauti ya kusikika na wateja wengine. Mwenye duka ambaye ni Mwafrika mwenzetu asitufanye wajinga kwa kutumia Uafrika wetu. Tulinyamaza siku ile kwa kuona haya. Hatutanyamaza tena.

Nne, tuulize. Supamaketi za hapa zina mahali pa maoni, na Waholanzi ni watu wa kujibu barua. Mtu mmoja akiuliza waridi hili limetoka wapi, ataonekana msumbufu. Watu mia wakiuliza kila mwezi, patakuwa na mtu ofisini atakayeona kwamba jina la Naivasha lina wateja. Bibi zetu hawakuwa na kiwanda hata kimoja, lakini waliwafanya Wazungu wachape Kiswahili. Walitumia silaha moja tu: walikataa kununua wasichokitaka.

Na yule anayeipenda Blue Band, aile. Hatujaweka marufuku na wala hatuna polisi wa mikate. Lakini ainunue kwa bei yake, akijua ni mgeni, na asimwite mgeni jina la mama yake.

Tulimaliza shughuli ile ya jumuiya salama. Makopo yale mawili tuliyatupa, maana tulipoyafungua harufu ilitangulia kabla ya kisu. Mkate ukaliwa kwa samli ya duka la Waturuki na hakuna aliyelalamika. Binti yule alikuwa amekaa na sisi mezani, akatuuliza, akitutazama mmoja mmoja: "Sasa ya feki ni ipi?"

Mama yake akatutazama sisi ili tumjibu. Tulikuwa watu wazima watano mezani, na hakuna aliyefungua kinywa. Mwanetu, jibu lako ni hili tulilokuandikia hapa. Limechelewa kidogo, utusamehe.